Kutoka Freetown hadi Freretown: Kuusikiliza Muziki wa Afrika Magharibi kwa Sikio la Kiswahili

Utangulizi

Anayepanda matatu kutoka Kisauni kuelekea mjini, au anayesubiri feri upande wa Likoni wakati wa magharibi, au anayepita mbele ya vibanda vya Magongo kule Changamwe, hana haja ya kuulizia nyimbo za Lagos na Accra. Zitamfuata alipo. Vijana wa bara la Mombasa wanazijua, wanatumiana kwa simu, wanazicheza arusini na kuziimba neno kwa neno, ilhali hawajui maana ya hata robo ya maneno hayo. Katika mabweni ya wanafunzi mambo ni yayo hayo. Mmoja humwekea mwenziwe simu sikioni, akasema "sikiliza hii," na wote wawili wakaanza kutikisa vichwa. Ukimwuliza kimempendeza nini, atakwambia "mdundo" au "ni moto," na mazungumzo yatakoma hapo.

Ajabu ni kwamba wanafunzi hao hao wanaweza kukaa saa mbili wakijadili vina vya kati vya shairi moja la Muyaka bin Haji. Nyenzo za uchambuzi wanazo, ila hawazitoi nje ya darasa la ushairi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nyenzo hizo zinaufaa muziki wa Afrika Magharibi, na kwamba msikilizaji wa bara la Mombasa ana njia mbili za karibu za kuuingilia muziki huo: historia ya mtaa wa Freretown, na elimu ya toni na shadda. Asipozitumia atabaki mnunuzi wa mdundo wa watu, na lugha atakayouzungumzia mdundo huo itakuwa Kiingereza cha watangazaji wa redio.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu istilahi. Neno afrobiti lina utata. Kwa maana yake ya awali ni jina ambalo Fela Anikulapo Kuti aliupa muziki wake mwishoni mwa miaka ya 1960: mchanganyiko wa hailaifu, jazi, midundo ya Kiyoruba na muziki wa Wamarekani Weusi, ukibebwa na ngoma za Tony Allen. Katika karne hii jina hilo limeongezwa herufi s mwishoni, likawa la nyimbo fupi za dansi zitokazo Lagos na Accra, zile zilizotufikia kwa wingi tangu "African Queen" ya 2Face Idibia ya mwaka 2004, na ambazo zilikutana waziwazi na Kiswahili mwaka 2014, Diamond Platnumz alipomshirikisha Davido katika toleo jipya la "Number One". Kiswahili hakiwezi kutenganisha dhana mbili kwa s ya Kiingereza. Humu afrobiti ni ya Fela na Allen. Zile nyingine nitaziita nyimbo mpya za Lagos, na sitazigusa sana. Si kwa kuzidharau, bali kwa kuwa zina watetezi wa kutosha.

Miji miwili ya watu walioachwa huru

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alikuwa Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa ya baharini. Miaka miwili baadaye shirika la kimishenari la CMS lilianzisha makao ya watumwa waliokombolewa, bara ya Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na makao hayo yakapewa jina la balozi huyo. Ndiyo Freretown. Miongoni mwa waliojenga maisha hapo walikuwemo Waafrika waliosomeshwa Nasik, India, baada ya kuokolewa majahazini, pamoja na watu wa asili ya Unyasa, Uyao na kwingineko. Mwanafunzi wa fasihi anaijua Freretown hata kama hajawahi kushuka kituo cha Kengeleni, kwa maana ndiko alikotoka James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na ambacho hatukosi kukutana nacho katika kozi za historia ya riwaya.

Sasa tuvuke bara zima hadi pwani ya magharibi. Huko, mwaka 1792, ulianzishwa mji wa Freetown, Sierra Leone, nao ukiwa makao ya watu weusi walioachwa huru. Mwaka 1800 waliongezeka Wamaruni kutoka Jamaika, wakaja na ngoma yao ya mraba yenye miguu, iitwayo gumbe. Baada ya mwaka 1807 manowari za Kiingereza zikawa zinawashusha hapo mateka waliotolewa katika merikebu za watumwa. Majina ya miji hii miwili yanafanana kwa bahati ya sauti tu: mmoja ni mji wa walio huru, mwingine ni mji wa Frere. Lakini kazi ya miji hiyo ni moja, na shirika lililoilea ni moja, kwani CMS ilianza kazi Sierra Leone mwaka 1804.

Ufanano huo unaingia hadi ndani ya taaluma yetu. Mmoja wa walioshushwa Freetown, mwaka 1822, alikuwa kijana Myoruba aliyeitwa Ajayi. Alibatizwa Samuel Crowther, akasomeshwa, na mwaka 1843 akatoa msamiati wa lugha yake ya Kiyoruba. Mwaka uliofuata, 1844, Ludwig Krapf wa shirika lilo hilo alitia mguu Mombasa, naye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Tofauti moja haifai kupitwa: Kiyoruba kiliandikiwa msamiati na Myoruba aliyekombolewa, Kiswahili kiliandikiwa kamusi na Mjerumani. Hilo lingefaa makala yake peke yake.

Wayoruba wengi wa Freetown walirudi kwao, hasa Abeokuta, na CMS ikawafuata katika miaka ya 1840. Abeokuta ndiko alikozaliwa Fela mwaka 1938. Babu yake, mchungaji Josiah Jesse Ransome-Kuti, alikuwa mhubiri wa kanisa hilo la CMS na mtunzi wa nyimbo za ibada kwa Kiyoruba. Katika miaka ya 1920 alizirekodi London katika santuri za Zonophone. Baba yake alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Kwa hiyo yule tunayemfikiria kuwa mpagani mkuu wa muziki wa Afrika, aliyelitupa jina la Ransome akajiita Anikulapo, alilelewa kwa kinanda cha kanisa. Mtoto wa Freretown aliyeimba kwaya ya kanisa na kusoma shule ya misheni asingekuwa mgeni katika nyumba ile.

Tarumbeta za askari

Mbali na kanisa, kuna jeshi. Hailaifu, mama wa afrobiti, ilianza pwani ya Ghana ya leo, ambako bendi za tarumbeta za ngome za kikoloni, pamoja na askari waliotoka visiwa vya Karibi mwishoni mwa karne ya 19, ziliwafundisha vijana wa Kifante ala za shaba. Vijana wakazichukua ala, wakaziacha nyimbo za gwaride. Baadaye yakaja magitaa ya mabaharia Wakru na vilabu vya dansi vya mijini, hata kufikia miaka ya 1950 E. T. Mensah na bendi yake ya Tempos ya Accra wakawa wanasikika kote pwani ya magharibi.

Nani Mombasa asiyeitambua hadithi hii? Ndiyo beni. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, alieleza jinsi vijana wa miji ya pwani yetu walivyochukua tarumbeta na mavazi ya gwaride, wakapeana vyeo vya kijeshi na kushindana kwa vikundi. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Beni ilisambaa hadi Tanganyika na Nyasa. Tofauti ni kwamba kule Ghana ala za shaba zilibaki mikononi mwa bendi za dansi, ilhali kwetu taarabu ilikwenda na fidla, udi na kinanda, na tarumbeta ikarudi kanisani na polisi.

Haikurudi yote. Katika bara la Kisauni ilibaki saksafoni, nayo ikazaa bango. Muziki huu unahusishwa zaidi na Joseph Ngala, mpiga saksafoni wa Freretown, ambaye kwa miaka mingi ameuchanganya mwendo wa dansi, jazi, taarabu na nyimbo za Wamijikenda. Saksafoni hutangulia, gitaa hufuata polepole, maneno ni Kiswahili chepesi au Kimijikenda. Aghalabu hupigwa arusini. Pale bango linapoanza wazee husimama, na vijana hutoka nje kutazama simu zao kama zimeingia nyimbo mpya za Lagos. Laiti wangekaa dakika tano zaidi, wangesikia huyo huyo hailaifu wanayemfuata mbali: saksafoni inayoimba kama mtu, mkarara wa kwaya ulio na harufu ya kanisa, na mwendo usio na haraka. Sisemi bango limetokana na hailaifu. Ninasema zimelelewa katika nyumba za namna moja: misheni, gwaride na bandari. Anayetaka kuingia katika muziki wa Afrika Magharibi akitokea Kisauni hana sababu ya kuanzia Lagos.

Toni, shadda na mgeni anayeitwa lahani

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya, na ndipo mwanafunzi wa isimu anapoweza kumfaa mpenzi wa muziki.

Kiyoruba ni lugha ya toni. Neno liandikwalo ọkọ likitamkwa kwa sauti ya wastani mwanzo hadi mwisho ni mume. Silabi ya mwisho ikipandishwa, ni jembe. Ikishushwa, ni chombo cha kusafiria. Silabi zote mbili zikiwa chini, ni mkuki. Wamishenari walipochukua lahani za nyimbo za Kiingereza wakazibandika maneno ya Kiyoruba, lahani ilipanda pale toni ilipotaka kushuka, na waumini wakawa wanaimba mambo ambayo hayakukusudiwa na mfasiri. Mchungaji Ransome-Kuti alisifika kwa sababu aliugeuza utaratibu huo: alitunga lahani zikifuata mwendo wa maneno yenyewe, na akatumia miondoko ambayo wasikilizaji wake waliijua. Tatizo la kisarufi lilizaa muziki. Ngoma ya dundun nayo hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo. Mpigaji huibana kamba zake kwapani, sauti ikapanda na kushuka, na msikilizaji akatambua methali au sifa ya mtu pasipo mdomo kufunguliwa. Si kila mwimbaji wa leo anayeitii toni kwa ukali huo, lakini sikio la Kiyoruba bado linaidai.

Kiswahili ni miongoni mwa lugha chache za Kibantu zilizopoteza toni. Sisi tuna shadda, nayo kwa kawaida hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mfano wa darasani ni barabara: shadda ikiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho ni njia, ikirudi nyuma hatua moja ni sawasawa. Mifano ya namna hiyo ni michache mno. Kwa hiyo mtunzi wa Kiswahili ana uhuru ambao Myoruba hana. Maadamu mizani inatimia na shadda haivunjwi vibaya, anaweza kuyavika maneno yake lahani yoyote itokayo popote.

Uhuru huo ndio unaoeleza jambo moja kubwa la taarabu ya Mombasa. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijipatia umaarufu kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa lahani za filamu za Kihindi, na mengi ya maneno hayo yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita. Wako waliomkosoa kwa kuiga. Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, alishika njia nyingine ya udi na mahadhi ya Kiarabu na ya Kiswahili. Ugomvi wa wapenzi wa mabwana hawa wawili haujesha, na sina nia ya kuuamua. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba lahani ya Bombay iliyoshuka Mombasa haikuachwa ikazurura mjini bila mwenyeji. Ilipewa maneno: mizani ikahesabiwa, vina vikapangwa, mafumbo yakatiwa, hata mtu asiyejua neno la Kihindi akawa anaimba wimbo wake mwenyewe.

Wimbo wa Lagos haujapata mwenyeji wa namna hiyo. Tumeupokea pamoja na maneno yake, tukayakariri kama yalivyo. Nadhani sababu moja ni kasi: filamu ya Kihindi ilikaa mjini majuma mengi, wimbo wa leo hukaa siku chache. Lakini iko sababu ya pili, iliyo ya kiisimu. Lahani ya filamu ni ndefu, ina mikato mikubwa, nayo hukubali mshororo wa mizani minane kwa minane. Lahani ya Kiyoruba ni fupi, imefumwa na toni za maneno yake, na ukiyaondoa maneno mara nyingi hubaki noti tatu zinazozunguka. Atakayejaribu kuipachika shairi la kawaida atashindwa. Atakayejaribu kuipachika kibwagizo cha chakacha, au wimbo wa vugo, ambao nao ni mfupi na wa kurudiwa, huenda akafaulu. Hilo ni jaribio ambalo chama cha wanafunzi kinaweza kulifanya jioni moja, na gharama yake ni ngoma mbili na watu sita wa kuitikia.

Jambo jingine linalosahauliwa: Kiswahili hakina toni, lakini wasemaji wake wengi wa bara wanazo nyumbani. Kidigo cha Likoni ni lugha ya toni. Charles Kisseberth alikiandikia katika miaka ya 1980. Kigiriama vilevile. Na Changamwe, ambako bandari, reli na viwanda vimewakusanya watu wa kila pembe, utasikia Kikamba, Kitaita na Kijaluo, zote lugha za toni. Mwanafunzi aliyekulia Mtongwe akisema Kidigo na bibi yake ana sikio lililoandaliwa zaidi kwa dundun kuliko mwenzake aliyekulia Kiswahili kitupu kisiwani. Darasani tumezoea kuihesabu lugha ya mama kama chanzo cha makosa ya matamshi. Katika somo hili ni mtaji.

Fela, beni na Muyaka

Turudi kwa Fela, kwa kuwa bila yeye neno afrobiti lisingekuwepo. Nyimbo zake humchosha msikilizaji wa mara ya kwanza. Wimbo mmoja hujaza upande mzima wa santuri. Sauti yake huenda isisikike hadi baada ya dakika nyingi za ala. Msikilizaji aliyezoea nyimbo za dakika tatu hudhani ameletewa utangulizi usio na kitabu. Namshauri asisubiri mwimbaji. Asikilize ngoma za Allen, kisha gitaa dogo linalorudia kifungu kimoja bila kuchoka, kisha besi, kisha ukuta wa tarumbeta na saksafoni. Kila ala ina kifungu chake kidogo, na utamu umo katika kukaa kwao pamoja. Aliyewahi kusimama karibu na wapigaji wa sengenya ya Wadigo anaijua tabia hiyo: hakuna ngoma inayopiga wimbo mzima, wimbo uko katikati yao.

Kuhusu lugha, mwanzoni mwa miaka ya 1970 Fela alifanya uamuzi ambao wanafunzi wa Kiswahili wanapaswa kuujua. Alipunguza kuimba kwa Kiyoruba akahamia Kipijini, yaani ile lugha ya mchanganyiko inayosemwa masokoni na kambini kutoka Sierra Leone hadi Kameruni, ili aeleweke na mtu asiye Myoruba na asiyesoma shule. Wasomi waliiona lugha ya wahuni. Sisi upande wa mashariki tulikuwa nayo tayari lugha ya kazi hiyo, yenye fasihi ya karne kadhaa juu yake, na bado wapo wanamuziki wa Mombasa waliotafuta soko kwa Kiingereza. Slim Ali na Hodi Boys walivuma hivyo katika miaka ya 1970. Walijua kazi yao, na muziki wao ni mzuri. Ila mtu hujiuliza ungalikuwaje kwa Kiswahili.

Mwaka 1976 Fela alirekodi "Zombie", wimbo unaowadhihaki askari kwa kuwaigiza wakitii amri za gwaride pasipo kufikiri, kwaya ikiitikia. Kumbuka beni. Vijana wa Kingi na Skochi nao waliigiza gwaride, kwa sare na vyeo, na wataalamu wamebishana kama walikuwa wakiwasifu wakoloni au wakiwacheka. Kwa Fela hapakuwa na shaka, na jeshi halikuwa na shaka pia. Tarehe 18 Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake ya Kalakuta, Lagos, wakawapiga waliokuwemo, wakaiteketeza. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, mpiganiaji mashuhuri wa haki za wanawake, alitupwa dirishani. Alifariki mwaka uliofuata.

Mombasa inao watu wa kuwekwa kando ya habari hii. Muyaka alimtungia Seyyid Said wa Oman mashairi ya kumbeza alipokuwa akiitaka Mvita, ila alitumia fumbo. Asiyekuwa mwenyeji alisikia habari za bahari na vyombo. Abdilatif Abdalla hakutumia fumbo alipoandika kijikaratasi cha "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968, akafungwa tangu 1969 hadi 1972, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka katika Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Fela naye aliwataja wakubwa kwa majina. Swali la mtihani ambalo ningependa kuliona ni hili: fumbo la Muyaka na utajaji wa Fela, ni tofauti ya tabia za watu, au ni tofauti ya lugha na hadhira? Mimi naelemea la pili. Fumbo linahitaji hadhira ndogo inayojuana, kama Mvita ya wakati ule. Kipijini kilikuwa na hadhira ya nchi kadhaa.

Daku

Kuna mlango mwingine, nao huenda ndio ulio karibu zaidi na nyumba nyingi za Kisauni na Likoni. Usiku wa Ramadhani, saa nane au tisa, vijana hupita vichochoroni na ngoma na madebe, wakiimba na kuita watu kwa majina waamke wale daku. Kuna wenye kuudhika, kuna watoto wanaosubiri mwaka mzima kwa ajili yao.

Katika miji ya Kiyoruba vijana Waislamu walifanya jambo hilo hilo. Muziki wao wa kuwaamshia watu uliitwa were au ajisari. Vikundi vya mitaa vikashindana, vikapata wapenzi, na sauti zao zikawa zikibeba mahadhi ya madrasa juu ya ngoma za Kiyoruba. Sikiru Ayinde Barrister, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2010, alianza humo akiwa mtoto. Aliyekuwa mwamshaji wa daku akaingia studio, akaupanua muziki huo kwa ngoma nyingi zaidi, akauita fuji, jina ambalo mwenyewe alisimulia kuwa alilitoa kwenye tangazo lenye picha ya mlima wa Japani. Fuji ikawa miongoni mwa muziki mkubwa wa dansi wa Nigeria, na waimbaji kadhaa wa nyimbo mpya za Lagos wanatumia sauti za puani na mikunjo ya koo iliyotoka moja kwa moja katika muziki wa kuamsha watu wale daku.

Nimewahi kumsikilizisha fuji mzee mmoja wa Likoni pasipo kumweleza ni nini. Alisikiliza kidogo akasema, "Huyu amesoma chuoni," akikusudia chuo cha Kurani. Alikuwa hajui neno la Kiyoruba, na alikuwa sahihi. Sikio lake lilitambua malezi ya sauti. Anayemwona Barrister kwa njia hiyo hatashindwa kumfikia Youssou N'Dour wa Senegal, ambaye mwaka 2004 alitoa albamu ya "Egypt" akiwasifu masheikh wa nchi yake kwa Kiwolofu, akisindikizwa na okestra ya Kimisri iliyoongozwa na Fathy Salama. Fidla za Kairo zikiandamana na mwimbaji Mwafrika Mwislamu: mpenzi wa taarabu kongwe haelekezwi njia ya kwenda huko, anaijua.

Namna ya kugawana wimbo

Napendekeza vikao vya usikilizaji katika chama, vya watu wachache, na kila anayeleta wimbo aje na maelezo yake kwa Kiswahili. Asitaje tu kwamba ni mzuri. Aeleze lugha ya wimbo na kama ni ya toni. Nani huanza na nani huitikia. Mkarara unarudi baada ya muda gani. Ala ipi inaongoza na ipi inashikilia. Msamiati tunao: kiitikio, mkarara, kibwagizo, mahadhi, lahani, mwanzi, kato, pambio. Pale usipotosha, wapiga ngoma wenyewe wanao mwingine. Chapuo, vumi na msondo ni majina ya ngoma, na pia ni majina ya kazi katika mpigo. Mtu anayesema kwamba gitaa fulani la Fela linafanya kazi ya chapuo amesema jambo linaloeleweka Likoni nzima, na amelisema kwa maneno mawili matatu.

Tahadhari moja, kwa sababu nimeisikia mara nyingi. Maneno yanayofanana yasituhadae. "Soul Makossa" ya Manu Dibango wa Kameruni, ya mwaka 1972, haina uhusiano na makosa. Makossa ni dansi ya Duala. Kwa upande mwingine, anayesikiliza Kihausa atakutana na duniya, labari na albarka, na hapo asiogope: ni dunia, habari na baraka, zilizochukuliwa kutoka Kiarabu na lugha zote mbili, kila moja kwa njia yake.

Utaratibu wa kikao cha kwanza ningeupanga hivi. Kianze na rekodi ya mchungaji Ransome-Kuti, sauti hafifu za miaka ya 1920, wasikilizaji wakifuatilia lahani tu. Kisha E. T. Mensah, kwa ajili ya tarumbeta. Kisha Barrister, bila kumtaja jina mpaka wote wamekwisha kukisia alikosomea. Kisha Fela, wimbo mzima, simu zikiwa zimezimwa. Na wa mwisho uwe bango la Freretown, pamoja na mzee mmoja wa Kisauni aliyelicheza ujanani, aulizwe maneno yake yanasemaje na yaliandikwa na nani, na mwenye mwandiko mzuri awe na daftari.